Kutoka Lagos Hadi Tokyo: Riadha ya Arusha na Medali Zake

Imepita zaidi ya nusu karne tangu Filbert Bayi, kijana wa Karatu, avishwe dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Lagos. Tangu Januari ile ya 1973, riadha ya Arusha imeipa Tanzania rekodi mbili za dunia, moja kati ya medali mbili za Olimpiki ambazo nchi inazo hadi leo, dhahabu za Jumuiya ya Madola, ubingwa wa dunia wa nusu marathoni na, Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa marathoni. Makala haya yameandikwa kuienzi kama taasisi.

Naiita taasisi kwa makusudi. Haikai chini ya paa moja, lakini ina kila kinachoifanya taasisi idumu: shule zinazoibua watoto, majeshi yanayowaajiri vijana, vyama vinavyoandaa mashindano, makocha wanaorithishana ujuzi, na uwanja mmoja wa katikati ya mji ambao vizazi vya wakimbiaji vimeukanyaga. Watu wengi husimulia habari za wakimbiaji wetu kama zawadi ya mlima na hewa yake. Mlima Meru umesimama pale siku zote. Medali, kwa upande wake, zimekuja kwa misimu: zilijaa, zikakauka, zikajaa tena. Kilichobadilika kila mara ni watu na mipango yao, na hilo ndilo historia hii inalolifundisha kuliko jingine lolote.

Arusha ya wakati ule

Msomaji anayeitazama ramani ya leo anaweza kuuliza kwa nini wakimbiaji wa Mbulu, Babati na Hanang wahesabiwe kuwa wa Arusha. Sababu ni mipaka ya utawala. Hadi mwaka 2002 wilaya hizo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka huo ndipo Mkoa wa Manyara ulipozaliwa. Karatu nayo, kabla ya kuwa wilaya, ilikuwa sehemu ya Mbulu. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarbaig aliyewazidi wenzake mbio shuleni alipanda ngazi za mkoa mmoja, kutoka kijijini hadi wilayani, kutoka wilayani hadi Arusha mjini. Huo ndio mkoa uliotoa sehemu kubwa ya majina yanayotajwa hapa.

Ni nchi ya juu. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, chini ya kilele cha Meru chenye mita 4,566, na nyanda za Karatu na Mbulu ziko juu ya hapo. Mwili unaoishi kwenye hewa nyepesi hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Mkimbiaji wa mbio ndefu hufaidika nazo anaposhuka kushindana usawa wa bahari. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni mtaji tu. Bila mtu wa kuutumia haizai kitu.

Brazzaville na Mexico

Bara la Afrika lilikutana kimichezo kwa mara ya kwanza mjini Brazzaville, Julai 1965. Tanzania ilirudi na fedha ya kurusha mkuki iliyoletwa na Theresia Dismas, mwanamke wa kwanza wa nchi hii kupata medali ya kimataifa. Yafaa likumbukwe hili kila inaposemwa kwamba riadha yetu ilianzishwa na wanaume: jukwaa la Afrika lilimpokea mwanamke wa Kitanzania miaka minane kabla ya Bayi.

Kisha ikaja Mexico, Oktoba 1968. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianza marathoni ya Olimpiki akiwa miongoni mwa wakimbiaji 75. Njiani alianguka, akaumia vibaya goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, mguu umefungwa bandeji, akachechemea hadi mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aende kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Dunia inamkumbuka kwa uvumilivu wake, na ni haki yake. Sisi wa huku tuongeze kwamba alikuwa mkimbiaji hodari. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya tano katika marathoni. Vijana wa Mbulu waliomfuata walikuwa na mfano wa mtu wa kwao aliyekimbia na walio bora duniani.

Lagos, Januari 1973

Michezo ya pili ya Afrika ilichelewa. Ilikuwa ifanyike Mali, lakini mapinduzi ya kijeshi ya 1968 katika nchi hiyo yaliizima mipango, hadi Nigeria ilipoipokea mwanzoni mwa 1973. Kwa Tanzania kuchelewa huko kulikuwa na heri ndani yake, kwa kuwa mwaka 1969 Bayi angekuwa bado kijana mdogo wa Karatu. Kufikia Lagos alikuwa na miaka 19, yuko Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mwaka uliotangulia alikwisha kukimbia Olimpiki ya Munich, ambako alitolewa mapema katika mita 1500 na katika mbio za kuruka viunzi na maji.

Aliyemkabili Lagos katika mita 1500 alikuwa Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa umbali huo mwaka 1968 na bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1972. Hakukuwa na jina kubwa zaidi katika riadha ya Afrika. Bayi alimshinda.

Uzito wa ushindi ule haukuwa kwenye saa pekee. Kabla ya hapo mkimbiaji wa Afrika Mashariki alithibitishwa na Ulaya au Marekani: akishinda huko, ndipo nyumbani alipoheshimiwa. Lagos iligeuza mpangilio huo. Bara lilimvika taji mtu wake mbele ya watu wake, na mwaka mmoja baadaye dunia ikaja kukubali kile ambacho Afrika ilikwisha kukiona. Kwa sababu hiyo mashindano ya bara yanastahili heshima kubwa kuliko ile tunayoyapa leo, tunapoyahesabu kuwa kituo cha kupitia tu kuelekea kwenye mashindano yenye fedha.

Mizunguko mitatu na robo tatu ya Christchurch

Tarehe 2 Februari 1974, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio za kati ilikuwa kujificha ndani ya kundi, kumwachia mwingine apasue upepo, na kuweka kasi yote akiba kwa mita 300 za mwisho. Bayi alifanya kinyume chake. Alitoka mbele mara tu bastola ilipolia, akaenda kama anayekimbia mita 800, na kufikia nusu ya mbio alikuwa amewaacha wenzake kwa pengo ambalo watazamaji waliliona kuwa kujimaliza. Nyuma yake kulikuwa na John Walker na Rod Dixon wa New Zealand, wakishangiliwa na watu wao, pamoja na Ben Jipcho wa Kenya.

Mzunguko wa mwisho pengo lilianza kupungua. Walker alikuja kwa hatua ndefu, mita kwa mita. Katika mita mia za mwisho Bayi aligeuza kichwa, akamwona, akaongeza. Alikata utepe kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Rekodi aliyoivunja, ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa imekaa tangu 1967. Walker, aliyekuwa wa pili kwa 3:32.52, naye alikuwa ameivunja rekodi ya Ryun na bado akashindwa.

Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akaongeza rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, sehemu moja ya kumi ya sekunde chini ya ile ya Ryun. Walker aliichukua mwezi Agosti mwaka huohuo. Lakini muda wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Ollie Hoare wa Australia alipoushusha mjini Birmingham mwaka 2022.

Mbio ambazo hazikukimbiwa

Dunia ilikuwa ikisubiri Bayi na Walker wakutane Montreal, Olimpiki ya 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand, na nchi za Afrika zikasusia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na serikali ya Mwalimu Nyerere isingeweza kuwahifadhi wapigania uhuru huku inapeperusha bendera pamoja na waliocheza na watesi wao.

Walker alishinda dhahabu ya Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda wa polepole ukilinganisha na ule wa Christchurch. Kila mpenzi wa riadha wa rika lile anajua alichokipoteza Bayi. Naamini uamuzi wa kususia ulikuwa sahihi, na naamini pia kwamba sahihi yake ilitiwa kwa jasho la wanariadha. Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika ina ukurasa unaowahusu, nao wanapaswa kusomwa humo kama watu waliolipa.

Miaka ya mavuno

Mwaka 1978 ulikuwa mwaka mnene. Mjini Algiers, Bayi alitetea dhahabu yake ya Afrika ya mita 1500. Mwezi Agosti, Edmonton, Kanada, alipata fedha ya Jumuiya ya Madola nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza kwa tofauti ya sehemu kumi na moja za mia za sekunde. Na katika marathoni ya Edmonton, Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 21, alishinda dhahabu kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39.

Olimpiki ya Moscow ya 1980 ilikuja na mtihani wake wa kisiasa. Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma bondia Muhammad Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tanzania ilikwenda. Bayi, ambaye sasa alikuwa amerudi kwenye kuruka viunzi na maji, aliongoza kama alivyozoea, mbele peke yake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Alipata fedha kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Siku iliyofuata Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alipata fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baada ya siku hizo mbili, bendera ya Tanzania haijapanda tena kwenye jukwaa la Olimpiki.

Mwaka 1982 Juma Ikangaa, mwanajeshi mzaliwa wa Dodoma, alitwaa ubingwa wa Afrika wa marathoni mjini Cairo. Oktoba ya mwaka huo, Brisbane, Australia, alikimbia moja ya marathoni ambazo bado zinazungumzwa. Yeye na Shahanga walijitenga mbele mapema, Shahanga akachoka, Ikangaa akabaki peke yake hadi Robert de Castella alipomfikia mbele ya umati wa nyumbani. Walipokezana uongozi, mmoja akimpita mwenzake na kupitwa, hadi Ikangaa alipokubali kwa tofauti ya sekunde 12. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 30. Siku chache kabla, Shahanga alikuwa ameshinda dhahabu ya mita 10,000 na Zakaria Barie akachukua fedha, wakitenganishwa na chini ya nusu sekunde. Watanzania wawili, dhahabu na fedha, katika mbio moja.

Miaka hiyo ilikuwa na chimbuko linaloonekana. Shule zilikuwa na ratiba ya michezo iliyofuatwa kuanzia darasani hadi taifani. Jeshi, Polisi na Magereza vilimwajiri kijana mwenye mbio, vikampa mshahara, chakula na muda wa mazoezi. Vyuo vikuu vya Marekani navyo vilifungua mlango: Nyambui, Shahanga na Barie wote walisoma na kukimbilia Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Kijana wa Hanang alikuwa na barabara nyeupe kutoka zizini hadi uwanja wa dunia, na kila kituo cha barabara hiyo kilikuwa na mtu aliyekisimamia.

Ukame

Barabara hiyo ilibomoka taratibu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliibana nchi kwa muongo mzima. Nauli ya timu ya mkoa ikawa jambo la kubahatisha, viatu vya miiba vikawa vitu vya kuazimana. Ikangaa aliendelea kuwika kwenye marathoni za miji mikubwa, akashinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na Simon Robert Naali akaleta shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Auckland mwaka 1990. Hao walikuwa matunda ya mti uliopandwa zamani. Chini yao miche ilikuwa michache.

Pigo jingine lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari iliposimamishwa kwa miaka kadhaa. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda masomo. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtoto wa Karatu aliyeweza kuwaacha wenzake kwa nusu uwanja hakuwa na mahali pa kuonekana na mtu wa nje ya kijiji chake. Riadha haipotezi wakimbiaji siku mashindano ya shule yanapofutwa. Inawapoteza miaka kumi baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka sababu.

Hata hivyo, waliokwisha kuingia majeshini na vilabuni walifanya makubwa katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2002, Manchester, Francis Robert Naali alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola na John Yuda akapata shaba ya mita 10,000. Agosti 2005, Helsinki, Christopher Isegwe alipata fedha ya marathoni ya dunia, sekunde 11 nyuma ya Jaouad Gharib wa Moroko. Oktoba ya mwaka huo, Fabiano Joseph wa Babati, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni huko Edmonton, mji uleule wa ushindi wa Shahanga. Na Melbourne 2006, Samson Ramadhani akashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola, naye Fabiano akaongeza shaba ya mita 10,000. Baada ya hapo kilikuja kimya kirefu, na kilikuwa kimya cha watoto ambao hawakuonekana.

Uwanja na barabara za vumbi

Kitovu cha haya yote ni uwanja uliobeba jina la Sheikh Amri Abeid Kaluta, mzaliwa wa Ujiji, mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, Meya Mwafrika wa kwanza wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya awali ya uhuru, aliyefariki mwaka 1964. Uwanja umekuwa wa kila shughuli ya mji: mpira wa miguu, sherehe za taifa, mikutano ya siasa, mahubiri. Wakimbiaji wamepewa njia ya udongo inayouzunguka. Mvua za masika zikinyesha inakuwa tope. Kiangazi kikikaza inakuwa vumbi linalokaa kooni. Mkimbiaji anayejiandaa kushindana kwenye njia za mpira za Ulaya amejifunza mizunguko yake hapo, akihesabu kwa saa ya mkononi.

Mazoezi marefu hufanyika nje ya mji. Alfajiri, kabla malori ya barabara ya Namanga hayajaanza kujaza hewa moshi, vikundi hutoka Sakina na Ngaramtoni vikielekea kwenye njia za msitu wa Olmotonyi, ambako udongo ni laini kwa magoti na miti ya kupandwa inakinga upepo. Wanaume na wanawake hukimbia pamoja dakika za mwanzo, wakiongea. Mwendo ukipanda mazungumzo yanakatika na kundi linajipanga mstari. Anayeongoza leo kesho atafuata. Mgeni kutoka Singida, Mbulu au Rombo hupokewa na kundi kwanza, kisha ndipo atafute chumba cha kupanga. Wakirudi kuna chai nzito ya maziwa, na mchana ni ugali, makande au loshoro. Chama kinaweza kukosa fedha na kambi ya taifa ikavunjwa, lakini kundi la alfajiri halijawahi kuvunjika. Ndilo lililoibeba taasisi katika miaka ya ukame.

Simbu, na wanawake wa kizazi chake

Alphonce Simbu alizaliwa Singida mwaka 1992, akaingia Jeshi la Wananchi, akajinoa Arusha. Rio 2016 alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki. Agosti 2017, London, alipata shaba ya dunia, medali ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu ile ya Isegwe miaka 12 nyuma. Birmingham 2022 alipata fedha ya Jumuiya ya Madola. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston.

Septemba 15, 2025, Tokyo. Joto na unyevu vilikuwa vimewachuja wakimbiaji mmoja mmoja hadi kundi dogo likaingia uwanjani kwa pamoja. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele kwenye mita mia za mwisho na ilionekana kwamba dhahabu ni yake. Simbu alikuja hatua kwa hatua, na kwenye mstari wote wawili waliinamisha kifua. Petros alianguka chini. Saa iliwaandikia muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua: Simbu alikuwa mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42 na mita 195. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Mashindano ya Riadha ya Dunia.

Hakuwa peke yake. Gabriel Geay alikimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akiwa wa pili, na Aprili 2023 akawa wa pili Boston. Magdalena Shauri, mwanajeshi, alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Muda wake unapaswa kusomwa taratibu. Nchi ambayo medali yake ya kwanza ya Afrika ililetwa na mwanamke ilikaa miongo mingi bila kumwandalia mwanamke njia ya mbio ndefu. Shauri amefika huko licha ya hilo. Wakipewa kambi, makocha na mashindano sawa na wenzao wa kiume, wanawake wa Meru na Manyara ndio watakaoandika sura inayofuata.

Walichofanya majirani

Kuna milima mingi Afrika isiyo na bingwa hata mmoja, na kuna miji midogo inayotoa mabingwa kila mwaka. Iten, nchini Kenya, ilipata jina lake kupitia Shule ya Sekondari ya St. Patrick's, ambako Bruda Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha, akabaki kuwa kocha. Mikononi mwake walipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 wa mwaka 1988, na David Rudisha. Bekoji, mji mdogo wa Ethiopia, ulimlea Derartu Tulu, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba, na ndani yake kulikuwa na mwalimu wa shule, Sentayehu Eshetu, aliyewatoa watoto mazoezini asubuhi baada ya asubuhi. Hewa ya Iten na Bekoji ni nyepesi kuliko ya Arusha, hilo ni kweli. Lakini kilichowatofautisha na vijiji vya jirani vyenye hewa ileile ni mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja kwa miaka mingi, shuleni, akiandika majina na muda wa watoto.

Arusha sasa inajengewa uwanja wa kisasa wa watu 30,000 kule Olmoti, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Ni fahari ya mji. Riadha, ambayo imeuletea mji huu heshima kuliko mchezo mwingine wowote, inastahili sehemu yake ya fahari hiyo: njia za mpira ambazo mtoto wa shule anaruhusiwa kuzikanyaga, kocha aliyesomea kazi yake katika kila wilaya, mashindano ya shule yasiyofutwa kila fedha inapopungua, na timu kamili kwenye Michezo ya Afrika, ya wanaume na wanawake, kila inapofanyika.

Olimpiki ya 2032 itafanyika Brisbane, mji ambako Shahanga na Barie walipanda jukwaani pamoja, na Ikangaa akamkimbiza de Castella hadi sekunde za mwisho. Mkimbiaji kijana atakayetuwakilisha huko yuko shule ya msingi leo, pengine Karatu, pengine Hanang, pengine kwenye miteremko ya Meru. Kazi ya taasisi hii kwa sasa ni moja: mwalimu wake amwone mwaka huu, aandike muda wake, na ampeleke Arusha.